Shamba la Mteremkoni: Pima Mlima Kwanza, Mashine ya Nyasi Baadaye

Masika ikikaribia simu yangu huanza kuita kwa swali lile lile: "Bwana shamba, nyasi zimenizidi. Ninunue mashine gani?" Wengi wanaouliza ni vijana wenye ekari moja au mbili za parachichi, na huku kwetu Usambara ekari hiyo huwa imelala ubavuni mwa mlima. Vibarua hawapatikani kirahisi wakati kila mtu yuko kwenye mahindi na maharage yake. Fyekeo ya mkono inamaliza mgongo. Ukipiga dawa ya kuua magugu eneo zima, ardhi inabaki uchi na mvua kubwa moja inashuka na udongo wako mpaka mtoni.

Kwa hiyo kutaka mashine si anasa. Nyasi za mteremkoni zinatakiwa zikatwe zibaki fupi, mizizi ibaki ardhini ishike udongo. Mashine ndiyo inayokuwezesha kufanya hivyo kwa wakati. Zamani nilikuwa na jibu la haraka kwa kila aliyepiga simu. Leo sina, na nitawaambia kwa nini.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kata yangu alinipigia simu. Alikuwa na parachichi za mwaka wa pili, ekari moja na nusu hivi. Nikamjibu hapo hapo: "Chukua ile ya magurudumu yenye injini kubwa, kazi ya wiki utaimaliza kwa siku moja." Shamba lake nilikuwa nimeliona mara nyingi, lakini nikiwa barabarani, juu ya pikipiki. Sikuwahi kushuka.

Akanunua. Ilikuwa mashine ya kilo 35 hivi. Sehemu ya juu, karibu na nyumba, ilikwenda vizuri mno, akanitumia mpaka picha. Aprili, mvua ikiwa imechanganya, akaingia sehemu ya chini ambako mlima unasimama. Mashine ilikuwa inamzidi. Ili apate mikono yote miwili ya kuivuta, ile fimbo ya chuma ya kwenye mpini, ambayo ukiiachia injini inazima, aliifunga kwa mpira wa tyubu. Akawa anapanda kinyumenyume huku akiivuta. Buti likateleza kwenye nyasi mbichi, akakaa chini, mashine ikamfuata. Alipoteza vidole viwili vya mguu.

Nilipokwenda kumpa pole hakunilaumu. Aliniambia tu, "Bwana shamba, mashine ilikuwa nzima. Mlima ndio hukuniuliza." Maneno hayo hayajanitoka. Ule mpira wa tyubu aliufunga yeye, ndiyo, lakini aliufunga kwa sababu mashine niliyomchagulia ilikuwa nzito kuliko mlima wake unavyoruhusu.

Pima mteremko, usikadirie kwa macho

Macho yanadanganya. Uliyezaliwa mlimani unaona mteremko wa kawaida pale ambapo mtu wa Korogwe anatembea kwa mikono na magoti. Kwa hiyo pima. Unahitaji ubao ulionyooka wa mita moja, pima maji ya fundi mwashi, na futi. Huna pima maji? Chupa ya plastiki iliyonyooka, yenye maji nusu, ilaze juu ya ubao. Maji yakilala sawasawa na ubao, umepata.

Weka ncha moja ya ubao ardhini, upande wa mlimani. Ncha nyingine ielekee bondeni, ikiwa hewani. Iinue au ishushe mpaka ubao ulale sawa. Sasa pima kutoka chini ya ile ncha iliyo hewani mpaka ardhini.

- Sentimita 18: mteremko ni kama digrii 10
- Sentimita 27: digrii 15
- Sentimita 36: digrii 20
- Sentimita 47: digrii 25
- Sentimita 58: digrii 30

Pima angalau sehemu tano, hasa zile unazoziogopa. Usitafute wastani. Chukua namba mbaya kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo mashine itakapokushinda. Ukiona shamba lina sehemu mbili tofauti, ziwekee mambo za mipaka na uzihesabu kama mashamba mawili.

Za magurudumu: mwisho wake uko wapi?

Mashine za kusukuma zenye injini juu na kisu chini nyingi zina uzito wa kilo 25 hadi 40. Vitabu vyake vya maelekezo kwa kawaida vinataja kikomo cha digrii 15 hadi 20. Soma cha kwako, na ukikuta namba ndogo zaidi, fuata hiyo. Watengenezaji hawakuandika hivyo ili wakukomoe. Piga hesabu mwenyewe: mashine ya kilo 35 ikiwa kwenye digrii 10 inakuvuta kushuka kwa nguvu ya kama kilo 6. Kwenye digrii 20 zinakuwa kilo 12. Kwenye digrii 30 zinapita 17. Shika ndoo ya maji ya lita 12 kwa mkono ulionyooka uone utadumu dakika ngapi, kisha ongeza nyasi zinazoteleza.

Kama namba yako mbaya iko chini ya sentimita 27 na ardhi haina mawe mengi, ya magurudumu inakufaa. Chagua nyepesi: bodi ya plastiki ngumu au alumini, upana wa kukata sentimita 40 hadi 46, magurudumu ya nyuma makubwa. Ikate ikikatiza mteremko, yaani kushoto kwenda kulia, si kupanda na kushuka. Usiivute kuelekea miguuni kwako. Na ile fimbo ya kuzimia usiifunge, hata kwa dakika moja.

Kuna wanaoniuliza juu ya ile ya mkono isiyo na injini, yenye visu vilivyojikunja kama pipa. Ni nyepesi kweli. Aina hiyo aliibuni Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, kwa ajili ya nyasi za bustani. Kwa uwanja mdogo wa mbele ya nyumba unaokatwa kila wiki ni nzuri sana, haina petroli wala kelele. Nyasi za shambani zilizofika magotini inazilaza tu, haizikati.

Mwingine ameona video ya mashine isiyo na magurudumu, inayoelea juu ya hewa inayopuliza yenyewe. Hiyo aliileta Karl Dahlman wa Uswidi miaka ya 1960, na wenzetu huitumia hata kwenye kingo za viwanja vya gofu. Ni nyepesi, inakwenda kila upande. Lakini kinachoizuia isishuke ni mikono yako peke yake. Kwenye shamba lenye visiki na mawe siishauri, na kabla hujatuma hela jiulize spea utaipata wapi.

Ya kuning'iniza begani

Kati ya sentimita 27 na 58, jibu langu ni ile mashine ya kufyekea yenye bomba refu, injini nyuma na kisu mbele, inayoning'inia begani kwa mkanda. Haina gurudumu, kwa hiyo mlima hauna cha kuvuta zaidi ya wewe mwenyewe. Hata hivyo, kadiri unavyokaribia sentimita 58 ndivyo kazi inavyotaka ardhi kavu na mtu mzoefu.

Hapa vijana wengi mnakosea: mnanunua cc. Mkisikia 52 mnaona ya 26 ni mchezo wa watoto. Mashine nyingi za cc 26 zina kilo 5 hadi 6. Za cc 43 na 52 nyingi zina kilo 7 hadi 9, kabla hujajaza tangi. Tofauti ya kilo tatu dukani huioni. Baada ya saa mbili mlimani utaitaja kwa jina. Mtu aliyechoka ndiye anayeteleza.

Kwa nyasi laini unazokata mara kwa mara, cc 26 inatosha. Kwa nyasi zilizochanganyika na vichaka vidogo, cc 33 au hapo karibu ndiyo ya katikati. Hizo za 43 na 52 waachie wanaofungua pori au kukata matete yaliyokomaa. Nisikufiche, wepesi una bei yake. Mashine ndogo ina tangi dogo, na ukiiachia nyasi zikomae inaanza kukohoa. Dawa yake ni kukata mapema.

Angalia na mpini. Ule wa pembe mbili kama usukani wa baiskeli unafaa eneo pana na wazi. Ule wa duara, kama kitanzi, ni bora kwenye mteremko mkali na katikati ya miti, kwa sababu unaweza kugeuza kisu bila kugeuza mwili wote.

Ipo pia ya mgongoni: injini unaibeba kama bomba la dawa, mikono inashika mti wa kisu tu. Mlimani inafanya kazi nzuri. Lakini kwa jumla ni nzito zaidi, na ukianguka umeanguka nayo. Ukiichagua, hakikisha mkanda wake una kifungo cha kufungua kwa mvuto mmoja. Jaribu kukifungua ukiwa umefumba macho.

Injini gani inavumilia kuinama?

Hili wauzaji wengi hawalisemi. Injini ambayo oili yake inakaa chini, kama ya bodaboda, inategemea oili hiyo ifike kwenye vyuma vinavyozunguka. Ukiilaza upande kwa muda mrefu oili inakimbilia kona moja, vyuma vinakauka, na injini inakufa ukidhani umeuziwa feki. Hii ni sababu nyingine ya kile kikomo cha digrii kwenye kitabu.

Injini ya kuchanganya oili na petroli haina tatizo hilo, maana oili inaingia pamoja na mafuta, hata ikiinamishwa. Ndiyo maana mashine nyingi za begani zinatumia injini hiyo. Zipo ndogo chache za aina ya kwanza zilizotengenezwa kufanya kazi pembe yoyote, ila mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye kitabu, asikuambie kwa mdomo.

Ukichukua ya kuchanganya, chunga kipimo. Kitabu kikisema moja kwa 50, ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Kikisema moja kwa 25, ni mililita 40. Tumia bomba la sindano kubwa la mifugo lenye namba, si kifuniko cha chupa. Na nunua oili iliyoandikwa kwa ajili ya injini hizo. Oili ya bodaboda itakuzibia kila kitu.

Za betri je? Hazina kelele, zinawaka kwa kubonyeza. Kama shamba liko jirani na nyumba yenye umeme na eneo ni dogo, zifikirie, lakini weka bei ya betri ya pili kwenye hesabu yako toka mwanzo. Za waya wa umeme mlimani sizitaki kabisa: utakata waya au utajikwaa.

Kisu cha chuma au kamba ya nailoni?

Kwenye kingo za ngazi zenye mawe, kamba ya nailoni ni salama zaidi. Ikigonga jiwe inakatika yenyewe, wakati kisu cha chuma kinaweza kuruka na kukurusha na wewe. Lakini kumbuka mambo mawili. La kwanza, kamba ikipiga shina la mparachichi mchanga inachuna ganda. Ikilizungusha shina lote, mti huo umekufa, hata kama majani yatakaa wiki kadhaa yakiwa mabichi. Acha duara la nusu mita hadi mita moja kuzunguka kila shina, ulipalilie kwa mkono, uweke matandazo. Matandazo nayo yasiguse shina.

La pili, kama nyasi unampelekea ng'ombe, tumia kisu cha chuma. Kamba inapokatika inaacha vipande vya plastiki kwenye majani, na hivyo hutaki viingie tumboni mwa mnyama.

Ukifika dukani

Usilipe kabla hujafanya haya:

1. Omba wajaze tangi, vaa mkanda, simama nayo dakika kumi huku mkizungumza bei. Bega likianza kulalamika hapo kwenye sakafu, mlimani litakataa kabisa.
2. Iachie mikono ikiwa imening'inia. Kisu kinatakiwa kielee karibu na ardhi chenyewe. Kikilala chini au kikipaa juu, sogeza ndoano ya mkanda. Kama haisogei, acha.
3. Iwashe mwenyewe, ikiwa ya baridi. Asikuwashie muuzaji.
4. Iache ikinguruma taratibu bila kuongeza moto. Kisu kikiendelea kuzunguka, klachi au kabureta inahitaji kurekebishwa kabla ya kuondoka.
5. Uliza plagi, kamba ya kuwashia, chujio la hewa na kisu. Vikipatikana Lushoto au Korogwe, sawa. Kama kila kitu ni "agiza Dar", jua kwamba msimu utakupita ukisubiri kifurushi cha basi.
6. Ngao ya kisu iwepo. Kuna watu huivua ili mashine iwe nyepesi. Wepesi huo sio tunaoutafuta.

Hesabu kabla ya hela

Kilimo ni biashara, basi tuhesabu kibiashara. Andika siku ulizolipa vibarua wa kufyeka mwaka jana, zidisha kwa ujira wa siku. Hiyo ndiyo gharama ya zamani. Upande wa pili andika petroli, oili, spea, na ujira wa atakayeshika mashine, hata kama ni wewe. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kinachobaki ndicho mashine inachokurudishia kwa mwaka. Gawa bei ya mashine kwa hicho.

Tuseme mashine ni shilingi 450,000 na inakuokolea 150,000 kwa mwaka. Itajilipa baada ya miaka mitatu. Kama unadhani itadumu miwili, usinunue peke yako. Nunueni watatu, au anza kuwafyekea majirani kwa malipo. Lakini kwenye bei yako weka kofia ya miwani, buti lenye soli ya meno, suruali nzito na viziba masikio. Asiye na hela ya hivyo bado hajapata hela ya mashine.

Siku ya kazi

Subiri umande ukauke. Petroli jaza mahali tambarare, injini ikiwa imepoa, na usogee hatua kadhaa kabla ya kuwasha. Watu wakae mbali, mita 15 kila upande. Kwa watoto, ondoa kabisa. Pita kwanza kwa miguu uondoe mawe, waya na chupa.

Anza mstari wa chini kabisa, ukikatiza mteremko, kisha panda kwenye mstari unaofuata. Visu vingi, ukivitazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha saa na kuangushia majani kushoto. Kwa hiyo kata ukielekea upande ambao bonde liko kushoto kwako, majani yaangukie pale ulipokwishakata. Rudi ulikoanzia bila kukata. Acha nyasi za urefu wa sentimita 8 hadi 10. Ukikwangua mpaka udongo uonekane, umeifanyia mvua kazi yake.

Na pale panapozidi sentimita 58?

Hapo sina mashine ya kukushauri. Tumia mundu, au badilisha matumizi. Wazee wa Lushoto wanakumbuka mradi wa SECAP ulioanza mwaka 1981, uliohimiza kupanda majani ya Guatemala na matete kwenye makinga maji. Kingo hizo bado zinalisha ng'ombe na kushika udongo. Sehemu iliyosimama sana igeuze shamba la malisho, au panda desmodiamu itambae. Mmea ambao ng'ombe anaungoja hauitaji petroli.

Yule kijana wangu ndivyo alivyofanya mwishowe. Ya magurudumu aliiuza. Sasa ana ya begani, cc 33, mpini wa duara. Ile sehemu ya chini iliyomwangusha ina Guatemala, na ana ng'ombe mmoja wa maziwa anayeila. Bado anachechemea kidogo akishuka.

Kwa hiyo ukinipigia simu msimu huu kuuliza mashine, nitakuuliza vitu vitatu kwanza: sentimita za sehemu mbaya kuliko zote, urefu wa nyasi, na ni nani atakayeishika. Kama huna majibu, chukua ubao wako ushuke shambani. Na mimi siku hizi nashuka.